Mlio Uliobaki kwa Darla Fentress

Albamu ya Darla Fentress, Mvua ya Cookeville, ilirekodiwa Nashville mwezi Machi 1967. Mwaka jana kampuni ya muziki iliamua kuitoa upya, na asubuhi moja ya Oktoba ikamtuma fundi wake wa sauti hadi Madison, kitongoji cha Nashville, kwenye benchi lililo nje ya duka la kinyozi la Dewey. Hapo ndipo Wendell Gantry hunywa kahawa. Ndiye aliyepiga ngoma kwenye albamu ile, na wenzake wote wa studio wameshakufa. Kijiweni wanamwita Fagio, kwa kuwa enzi zake alipiga kwa brashi badala ya vijiti.

Ubishi ulianza kabla mgeni hajafika. Spana, fundi magari mstaafu, alikuwa ameuweka wimbo wa mwisho kwenye simu, akawa anaurudisha pale Darla anaponyamaza kuvuta pumzi. Hapo husikika mlio mwembamba, kama bawaba kavu. Kampuni ilikuwa imepiga simu kusema inataka kuufuta.

— Mlango huo, alisema Spana. Mumewe aliingia kumchungulia.

— Mume gani, kaka? Walishaachana. Aliyejibu ni Askofu, ambaye maisha yake yote ya kazi aliendesha gari la maiti. Ile studio imekaa juu ya makaburi. Mimi sauti ya jeneza naijua.

— Jeneza linaimba?

— Linalia. Tena limelia kwa sauti ya wimbo uleule.

— Askofu, hizo kamba zako zitamnyonga mtu.

Fagio hakucheka. Yeye alikuwa anamsikia Mguu.

Mguu alipiga gitaa la chuma, lile la kulazwa kama meza, lenye pedali chini. Pedali yake moja ililia kila alipoikanyaga, na hakutaka kuitia mafuta. Alisema ikinyamaza hatajua kama yupo kazini. Kwenye sanduku la gitaa alibeba mkate wa mahindi, na makombo yake yaliingia hadi kwenye nyuzi. Siku zile walipiga wote chumba kimoja. Darla aliimba peku, Mguu amekaa karibu na miguu yake, spika ya gitaa ikiwa chumba cha pili ili isimzidi sauti. Albamu ilipokaribia kutoka, wakubwa walisema gitaa lile linanuka shamba. Wakalifuta lote, wakaweka vayolini. Mguu akahamia Texas. Habari za kifo chake zilifika Madison kwa mdomo, zikiwa zimechelewa.

Mgeni alifika, binti anayeitwa Kendra Oakes, na vipokea sauti shingoni. Spana akamsogezea nafasi, Askofu akamjazia kikombe. Alisema ameisafisha albamu yote, kasoro huo mlio. Alitaka kujua ni wa nini kabla hajauondoa.

— Huyo ni Mguu, alisema Fagio. Pedali ya gitaa la chuma.

— Mzee Gantry, albamu hii haina gitaa la chuma.

— Walilifuta. Hiyo pedali iliingia kwenye maikrofoni ya Darla, hawakuweza kuitoa. Sasa wewe unaweza. Ukiitoa, binti yangu, utakuwa umemmaliza.

Kendra alivaa vipokea sauti vyake akasikiliza upya, macho chini. Alipovivua alisema atauacha ulivyo. Akaeleza kwamba jalada la zamani lilikuwa na jina la Darla peke yake, na safari hii kila aliyepiga ataandikwa. Akatoa kalamu.

— Huyu Mguu aliitwa nani?

 Fagio alikuwa amepiga naye miaka, wamelala gari moja, wamekula mkate mmoja. Studioni mtu alipewa jina la utani siku ya kwanza na mlangoni hakuulizwa lingine. Alimtazama Spana, kisha Askofu. Askofu, ambaye hakosi jibu, alikuwa anageuza kikombe chake. Spana akazima simu.

— Alikuwa na dada, alisema Fagio. Jina la dada pia hakulijua.

Kampuni iliendelea kutafuta, haikupata. Albamu ilitolewa upya mwezi Februari. Mlio umo. Nyuma ya jalada, chini ya Wendell Gantry, ngoma, pameandikwa: Mguu, pedali.