Mlango wa Kuingia kwa Miguu Yako

Benchi la kahawa ni mbao mbili juu ya matofali, na linatazamana na kituo cha polisi uso kwa uso. Kati yao ni barabara tu. Wenye benchi wanakijua kituo kile kuliko nyumba zao. Wanajua gari lake hukohoa mara ngapi kabla ya kuwaka, na ni askari gani anayechechemea. Asubuhi ile Fundi, mshona nguo, alikaa pembeni, futi yake ya kupimia shingoni, kahawa ikimpoa mkononi. Kulikuwa na barua ambayo sasa alijuta kuitoa mfukoni, maana ilikuwa mikononi mwa Redio, na Redio hajawahi kuwa na kitufe cha kuzimia.

— "Unaombwa kufika kituoni," alisoma Redio, "kusaidia polisi katika uchunguzi wa pampu ya maji iliyoibwa shuleni." Kasaini mkuu mpya wa kituo.

— Rudia hapo kwenye kusaidia, alisema Wakili, ambaye sheria aliisomea kwa kufagia mahakama miaka kumi na moja.

— Kusaidia polisi.

— Basi Fundi, kwisha habari yako. Kwa lugha ya kituo, kusaidia ni kulala ndani.

— Kweli kabisa, alidakia Redio. Binamu yangu alisaidia miezi minane. Aliingia kidevu laini, akatoka na ndevu.

— Lakini mimi sikuiba pampu, alisema Fundi.

— Ndiyo maana wanakutaka, alisema Wakili. Mwizi wameshampata. Sasa wanatafuta mshirika.

— Hawajapata mwizi. Wamemkamata fundi baiskeli, na saa ile pampu inaibwa alikuwa kwangu, nampima suruali. Jumanne, saa nane mchana. Nimeandika kwenye daftari la vipimo.

Hapo benchi zima likamgeukia. Fundi mwenyewe alisikia aibu, maana ilikuwa siku ya nne sasa tangu jamaa akamatwe, na daftari lilikuwa palepale chini ya cherehani.

— Umeandika? aliuliza Wakili taratibu. Hapo umejimaliza. Mkuu atakuuliza kwa nini uliandika saa. Ulijuaje kwamba itahitajika?

— Mimi huandika saa kila siku.

— Basi ulijiandaa kila siku.

Redio alisogea karibu. — Na huyo mkuu mpya mmemtazama? Anasalimia watu. Juzi kanisalimia mimi, kwa jina langu. Jina langu kalitoa wapi?

— Unaitwa Redio, alisema Bi Birika akimimina kahawa. Mtaa mzima unalisikia.

— Mimi nasema ameletwa makusudi. Wa zamani alikuwa anakunja uso, tukamzoea. Wakaona haifai, wakatafuta mwenye meno mazuri. Nasikia kuna chuo wanafundishwa kucheka.

— Mimi nasema pampu haikuibwa, alisema Wakili. Wameificha wenyewe, waone nani atakuja kusaidia.

Bi Birika aliweka birika chini. — Na tusipowaambia polisi, tumwambie nani? Mwaka juzi tulijifanya mahakama hapahapa. Tukampiga mtu kwa kuiba kuku, kumbe kuku wake.

Fundi alikitazama kikombe chake. Yule mtu bado ni mteja wake, na kila akimshonea shati, mkono wa kushoto anaukata mfupi, kwa kuwa ule mkono haujanyooka tena. Siku ile ya kuku Fundi hakupiga. Alisimama tu, akatazama, na hilo linamuuma mpaka leo.

Ndipo akafika mama mmoja mtu mzima, kapu mkononi, viatu vyeupe kwa vumbi la safari.

— Hamjambo wanangu.

— Hatujambo mama, shikamoo.

— Marahaba. Kituo cha polisi ndicho kile?

— Ndicho hicho, mama.

— Wamemfunga mwanangu, yule wa baiskeli. Naona milango miwili. Mtu akija mwenyewe, kwa miguu yake, anaingilia upi?

Mlango wa ubavuni waliujua; ndiko gari linakoshusha watu. Wakili alikitazama kituo kana kwamba kimejengwa usiku uliopita. Miaka yote ile walikaa pale mbele, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuona raia akiingia bila kusukumwa.

— Hatujui, mama, alisema Fundi hatimaye.

Akasimama. Alikwenda kwanza kibandani kwake, akarudi na daftari kwapani.

— Twende tukaulize wote, mama. Nipe hilo kapu.

Wakavuka. Benchi zima liliwatazama wakijaribu ule mlango wa bluu wa mbele. Fundi aliusukuma, ukakataa. Akausukuma tena. Kisha akauvuta, ukafunguka, wakaingia.

Bi Birika alichukua kikombe cha Fundi, akakifunika kwa kisahani.

— Unakifunika cha nini? aliuliza Redio.

— Atarudi kukimalizia.

— Na asiporudi?

Bi Birika aliinua birika lake, macho kwenye mlango wa bluu.

— Tutakwenda kumuulizia. Ule mlango unavutwa.