Shukrani Aliyoahidi Mama Nakhumicha

Mchungaji, chifu, majirani, na nyinyi wageni wawili mliosimama hapo nyuma na kamera, kaeni, tunaanza.

Marehemu Sydney Makokha alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 hapa Lanet, kitinda mimba wa Mama Nakhumicha, na uzito wake haukujulikana, kwa maana mkunga alikuwa jirani tu na mizani aliyokuwa nayo ilikuwa ya maharagwe. Alisoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1991 hadi 1998, akaenda sekondari Molo, akamaliza 2002, na walimu wake wanajua hakuwa mtu wa kalamu, alikuwa mtu wa spana, na mama yake hawezi kumsifia leo jambo alilomchapia wakati huo.

Mwaka 2004 aliandikwa jeshini kama fundi wa magari, akatumika miaka kumi na minane, akastaafu 2022 akiwa sajini, kisha akapata kandarasi ya kutengeneza magari ya serikali katika nchi ya mbali ambayo mama yake hakuwa ameisikia hata kwa redio. Alienda pamoja na fundi mwenzake, Kipngetich wa Sachangwan, ambaye mama yake ndiye huyu ameketi mbele, bega kwa bega na Mama Nakhumicha.

Tarehe 12 Desemba 2009 alifunga ndoa kanisani na Mercyline wa Naivasha, aliyekuwa akifanya kazi katika shamba la maua, wakajaliwa Natalie na Quincy. Mercyline hajalia tangu asubuhi, na wale wanaomnong'oneza alie wamwache, hapa hakuna anayehesabu machozi.

Marehemu hakuugua. Mwezi wa Mei 2025 wanajeshi wa nchi ile walimwondoa rais wao wakakalia kiti, na tarehe 3 Oktoba wanajeshi wengine wakajaribu kuwaondoa hao, wakashindwa kabla ya saa sita mchana. Sydney na Kipngetich hawakuwa upande wowote, walikuwa chini ya gari. Kombora likaangukia gereji, Kipngetich akafa papo hapo, Sydney akafa hospitalini tarehe 5, na daktari wa huko akahangaika mpaka akapata mtu wa kuzungumza Kiswahili, ndipo akampigia mama simu, asije akaambiwa na majirani.

Miezi ikapita bila mwili. Serikali yetu haijawatambua wale waliokalia kiti, kwa hivyo hakuna aliyekubali kuwaandikia, na wale nao, ambao hata jirani zao hawajawatambua, walisema hawana maneno na mtu asiyewatambua. Wazee wa ukoo wakaona tuzike mgomba, kama inavyofanywa mtu akipotelea mbali, watoto wapate kaburi. Mama Nakhumicha akawaambia, "Ule mgomba niliupanda mwenyewe, naujua, si Sydney."

Mwezi wa Januari ndipo walipokuja hawa wageni wawili, wametumwa na wale waliokalia kiti, wakanywa chai, wakasema ndege ni yao na jeneza ni lao, wanataka kitu kimoja tu, siku ya mazishi, historia ya marehemu ikisomwa mbele ya kamera, washukuriwe kwa jina, na maneno "serikali halali" yawemo. Sydney angekuja kwanza, na Kipngetich angefuata shukrani ikishasikika. Mama akawauliza, "Mmekosa serikali hata moja ya kuwakubali, mpaka mkaja kwa mama wa Lanet?" Wao wakaongeza sukari. Mama akakubali.

Juzi chifu naye alikuja na mkubwa mmoja kutoka Nairobi, kumwomba asitaje hilo jina, eti nchi itaaibika. Mama akamwuliza ni lini Nairobi itamleta Kipngetich. Mkubwa akasema, "Mama, tunashughulikia." Naye akamjibu, "Sawa, hata mimi nashughulikia."

Familia inamshukuru yule daktari, ambaye jina lake hatukulishika vizuri, inawashukuru majirani waliopika na kuchota maji wiki nzima, maaskari wenzake wa zamani waliochimba kaburi bila kuitwa, na akina mama wa shamba la maua waliotoka Naivasha alfajiri na haya mashada.

Mwisho, familia inalishukuru Baraza la Kijeshi la Wokovu wa Taifa, serikali halali ya nchi ile, kwa kutuletea Sydney. Imesomwa kama mlivyotaka, hakuna neno lililorukwa, na kama kamera haikushika, semeni, tutasoma tena. Hilo neno halali Mama Nakhumicha anasema mlikuja nalo wenyewe, mrudi nalo. Lakini kabla hamjaondoka, geuzeni hiyo kamera. Mama Kipngetich ndiye huyu mwenye leso ya kijani. Mpigeni picha, muwapelekee waliowatuma, muwaambie ameisikia shukrani kwa masikio yake, kaburi Sachangwan limeshachimbwa, na mvua ya Machi haiko mbali.

Sydney, wewe umefika, pumzika kwa amani.