Jeni Isiyo na Kazi

Benchi letu liko ubavuni mwa taasisi, hapa Tunis, mbele ya kibanda cha Lazhar, anayedondoshea kahawa maji ya maua ya machungwa. Mimi ni mlinzi wa geti, kwa hiyo nasikia kila kitu. Ami Mongi anatunza panya wa maabara. Tunamwita Baba Panya. Taoufik wa masijala tumempa cheo cha Mkurugenzi, maana mkurugenzi wa kweli hajawahi kuongea kwa uhakika namna ile. Wa tatu ni Daktari Dalenda, ambaye asubuhi ile alikaa kama mtu aliyetoka kuzika.

Alikuwa na haki. Miaka minne ameng'ang'ana na jeni moja, haina hata jina, ina namba tu. Imeharibika kwa watoto wachache wagonjwa huko kusini, na hakuna duniani anayejua kazi yake. Akaiondoa kwa panya aone watapungukiwa nini. Hawakupungukiwa kitu. Wanakula, wanakimbia, wanazaana kama wametumwa. Alhamisi ukoo wao ungefungwa, panya wauawe, vizimba wapewe watafiti wengine.

Mkurugenzi akamfariji kwa mtindo wake. Kwanza alisema jeni hiyo ni mtumishi wa serikali: koti liko kwenye kiti, mwenyewe haonekani. Halafu ikawa ya akiba, kama tairi la nyuma ya gari. Alipoona bado anasikilizwa, akapanda zaidi: ni jeni ya kupanga foleni, na panya hawapangi foleni, watajuaje kuwa imepotea?

— Iandikie makala, Dalenda akamwambia. Mimi nitakuja kukupigia makofi.

Ami Mongi alikuwa anakoroga sukari iliyoyeyuka zamani.

— Hawajengi viota, akasema.

Tukamgeukia.

— Jumatatu nawapa wote pamba. Wenzao, kesho yake wameshaichambua, wamejitengenezea kitanda. Hawa, pamba iko vile vile nilivyoiweka. Wanalala juu ya maranda.

— Tangu lini, ami?

— Tangu wa kwanza.

— Na hukuniambia?

— Uliniachia fomu, binti yangu. Uzito, chakula, maji, vifo. Pamba haina kisanduku.

Dalenda aliinamia glasi yake. Mkurugenzi hakumwachia nafasi hata hivyo. Alishajua: panya hao ni wavivu. Lazhar akatoa kichwa dirishani, akasema ni makapera. Mkurugenzi akaona kapera ni jambo dogo, akatangaza kuwa tumegundua jeni ya ujenzi wa nyumba, na kwamba nusu ya ndugu zake hawana.

Pembeni mwa benchi alikaa mama mmoja kutoka Gafsa, Mabrouka, bahasha ya hospitali magotini. Nilikuwa nimemwambia asubiri daktari amalize kahawa. Binti yake ni mmoja wa wale watoto wa kusini.

— Samahanini, akasema. Hao panya wanasikia baridi?

Dalenda akaanza kueleza kwamba wamepima damu, moyo, mifupa, na vyote viko sawa.

— Sikuuliza hayo, daktari. Wanasikia baridi ila hawajui kujifunika, au hawaisikii kabisa?

Lazhar alijifanya anaosha glasi.

— Wangu ana miaka tisa na hasemi, Mabrouka akaendelea. Majira ya baridi anatoka pekupeku, anasimama uani, amenyamaza tu. Nikimvalisha, anavua. Sijui namsaidia au namsumbua.

— Sijui, mama, Dalenda akasema. Hatukupima.

Hata mimi, mlinzi tu, niliona ugumu wa kulitamka neno hilo, sijui, baada ya miaka minne. Aliinuka, kahawa haijafika nusu, akamwomba Ami Mongi waende wote kwa mkurugenzi, yule wa kweli, kuomba panya waachwe mpaka majira ya baridi yaishe, wapimwe kama wanasikia baridi. Baadaye walikubaliwa, kwa shingo upande.

Kabla hawajaingia ndani, Mabrouka aliwafuata mpaka getini kwangu.

— Mkijua, niambieni hata kwa simu, akasema. Soksi namvalisha kwa kubahatisha.