Ndege ya Vuai Kombo na Vidole vya Mama Yake

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Ni Pamela hapa. Leo tunamkumbuka Vuai Kombo Faki, mzaliwa wa Wete, Pemba, mlinzi wa jengo kule The Pearl, mtaa wa kitajiri mjini Doha, Qatar. Ametutoka mwezi uliopita, Februari 2018, akiwa na miaka arobaini na minne. Vuai Kombo. Lishikeni jina hilo, maana alifanya jambo ambalo hadi leo nikilifikiria mwili unanisisimka.

Mama yake, Bi Mwanahamisi, haoni. Haoni tangu ujana. Mwaka 2009 aligundulika na maradhi ya moyo, akatakiwa kwenda kliniki Dar es Salaam kila baada ya miezi minne. Boti daktari aliikataza, kwa kuwa ilimtapisha mpaka akazimia. Ikabaki ndege. Bi Mwanahamisi akagoma. "Mimi kitu nakijua kwa kukishika," alisema. "Ndege sijaishika, siipandi." Wakambembeleza, wapi! Akawa anadhoofika, na mwanawe yuko Doha, analinda lango la watu.

Mwaka 2010 mpangaji mmoja wa jengo lile alihama, akamwachia Vuai boksi. Ndani mlikuwa na vipande vya ndege ya mfano ya kuunga mwenyewe, vya resini, ile plastiki nzito inayomiminwa kwenye kalibu ikaganda. Hamna gundi, hamna rangi. Picha ya juu ilionyesha ndege ndogo ya abiria, pangaboi mbili, viti kumi na tisa. Vuai akaijua mara moja. Ndege za aina hiyo ndizo zinazotua Pemba.

Alikuwa akiishi mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, chumba kimoja na Kiprop, dereva Mkenya kutoka Nandi. Kiprop ametusimulia kwa simu: "Kila Ijumaa jamaa akitoka msikitini anakalia hiyo ndege. Kwanza anaosha kila kapande na sabuni, ati iko na mafuta, rangi haitashika. Nikamwambia, buda, unaogesha ndege kama mtoto!"

Madirisha yalikuja kama stika. Unabandika, umemaliza. Vuai akaziweka kando, akaanza kutoboa dirisha moja moja kwa keekee nyembamba kama sindano. Kiprop akamuuliza anajitesea nini na stika ziko. Vuai akamjibu, "Stika utaiona wewe. Mama atashika nini?"

Wasikilizaji, hebu fikirieni. Mimi hata soli ya kiatu kuigundisha hunishinda. Huyu alichonga viti kumi na tisa kutoka vijiti vya aiskrimu. Akatengeneza ngazi ya mlangoni. Akaacha ubavu mmoja wa ndege unafunguka, ili mkono wa mama upite.

Kisha ikaja ajali. Ilikuwa Julai. Mabawa Vuai na Kiprop walikuwa wameyapeleka Al Rayyan kwa fundi rangi, na wakati wa kurudi wakapitia kula, wakayasahau kwenye gari, chini ya kioo cha mbele, saa saba mchana. Mnalijua jua la Doha. Waliporudi mabawa yamelegea kama majani ya mgomba. Kiprop anasema yeye ndiye aliyetaka kulia. Vuai akaenda bafuni akajaza beseni kwa bomba la maji baridi, ambalo Julai halina baridi hata chembe, kwa vile tangi liko juu ya paa. Akaongeza birika moja la maji yanayochemka. Akayakanda mabawa mle kwa vidole, pole pole, akayalaza juu ya kioo yapoe. Yakanyooka.

Machi 2011 alikwenda likizo kwao Wete, ndege imo kwenye mkoba wa mkononi. Dada yake, Salma, alikuwapo. Anasema mama aliipokea mapajani, akaipapasa kuanzia puani. Akazungusha pangaboi. Akapanda ngazi kwa kidole, akaingia mlangoni, akahesabu viti.

"Choo kiko wapi?" akauliza.

"Hamna choo, mama. Safari fupi."

"Basi nitakwenda haja kwanza."

Siku nne hakuiweka chini. Siku ya tano akasema, "Nikatieni tiketi."

Salma alimsindikiza. "Mama alikuwa mbele," anasema. "Akaniambia, Salma, inama, mlango mfupi. Mimi mwenye macho ndiye niliyegonga kichwa." Bi Mwanahamisi akahesabu viti kwa mkono, akakaa pale pale alipopachagua akiwa nyumbani. Subhanallah!

Vuai alifia Doha, na huko ndiko alikozikwa. Alianguka akijiandaa kwenda kazini. Madaktari walisema ni presha, ya siku nyingi, isiyopimwa. Kichwa kilipomuuma alimeza panado akaenda zake.

Bi Mwanahamisi sasa ana miaka sabini na mitatu. Tulipompigia, alisema hivi: "Kila nikirudi kliniki akinipigia. Mama, presha ngapi leo? Namtajia. Nimekwenda mara ishirini na moja, na mara zote kaniuliza. Mimi yake sikumuuliza hata siku moja."

Bi Mwanahamisi, Salma, Kiprop, na wana Wete wote, poleni sana. Mungu amlaze Vuai mahali pema. Mama, usijilaumu.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, kila mmoja wetu anaye mtu anayemuuliza hali kila mara. Leo mpigie wewe. Muulize yake. Akikujibu, "Mimi mzima tu," usikate simu.