Namna Mpiga Pasi Alivyopata Kasri

Mkahawa wa Sabri, uchochoroni nyuma ya Mtaa wa Imadeddin, Kairo, una benchi moja la nje, na benchi hilo lina wenyewe. Ni watu wa kujaza picha, wale wanaopita nyuma wakati staa analia. Hukaa hapo wakingoja gari la studio, na majina yao ya kuzaliwa yameshasahaulika. Yupo Basha, yaani bwana mkubwa wa kale, aliyevaa tarbushi katika filamu arobaini bila kutamka neno. Yupo Daktari, anayetoka chumba cha upasuaji akitikisa kichwa. Yupo Maiti, na kazi yake mnaijua. Halafu yupo Wagdi, mwandishi, anayekataliwa hadithi mwaka wa kumi na moja sasa. Leo alasiri ofisi ya watengenezaji filamu, ghorofani ng'ambo ya uchochoro, itamsikiliza kwa dakika tano. Wakimkataa, ameshamwapia mkewe kwamba anakwenda kuuza mabomba dukani kwa shemeji. Wagdi hayataki mabomba hata kuyasikia.

— Soma, ustadhi, alisema Basha. Tukurekebishie.

Wagdi alikohoa.

— Mpiga pasi wa mtaani analetewa koti la mtu aliyefariki. Mjane anataka linyooshwe, alitoe sadaka. Mfukoni mpiga pasi anakuta barua, imefungwa. Ampe mjane, asimpe?

Maiti alivuta shisha, akapuliza moshi.

— Tamu. Ila marehemu umemharakisha mno. Mtu anakufaje kabla picha haijaanza? Tumwone kwanza! Amelala, kamera inamzunguka taratibu. Dakika nne hivi.

— Dakika nne za maiti! Daktari alipiga goti lake kwa kicheko. Watu watadhani mashine imeharibika. Sikiliza, ustadhi, huyo hajafa. Yuko hospitali. Daktari anatoka, anavua barakoa, anamwambia mjane...

— Mjane gani, na mume yu hai?

— Mjane mtarajiwa. Usinikatize!

Wagdi akaandika pembeni: hospitali. Kila walichosema alikiandika, asije akaacha dawa yenyewe ya kukubaliwa.

— Nyie mnacheza, alisema Basha. Pasi ataitazama nani? Tia kasri. Koti ni la basha, barua ni hati ya kasri, na mpiga pasi kumbe ni mwanawe aliyeibwa utotoni. Basha anashuka ngazi za marumaru...

— Si ndiye aliyekufa?

— Ana pacha.

— Basi pacha naye afe, alisema Maiti. Palepale kwenye ngazi. Abingirike.

— Na treni, alidakia Sabri, aliyekuja kubadilisha makaa ya shisha. Filamu bila treni mimi naiona ugonjwa.

— Wewe treni inakuhusu nini?

— Kwani nimekatazwa?

Hata kahawa ya pili ilipoletwa, ukurasa wa Wagdi ulikuwa na kasri, mapacha, upasuaji wa ubongo na treni ya Aswan. Benchi limeridhika, maana kila mtu keshajipatia kazi. Wagdi akapekua juu, akapekua chini.

— Jamani, mpiga pasi wangu yuko wapi?

— Tulimtoa, alisema Daktari. Alikuwa anazuia treni.

Hapo akafika mwanamke wa makamo, mkoba kwapani.

— Samahani, ndipo hapa panapongojewa gari la studio? Nimeitwa kulia msibani. Siku yangu ya kwanza.

Basha akamkaribisha, akamsimulia hadithi yote mpaka treni. Mama alisikiliza kwa adabu.

— Na barua inasema nini?

Basha akamtazama Daktari. Daktari akamtazama Maiti. Sabri akakumbuka makaa yake. Wagdi masikio yalimwaka kwa aibu. Miaka mitatu ameandika mvuke wa pasi, rangi ya koti, hata vifungo vyake. Barua hajaifungua hata siku moja.

— Sijui, mama. Naogopa kuifungua. Kama ni ya mwanamke mwingine, yule mjane nitamuua. Kama ni ya kumwomba radhi, imechelewa. Kila nikiikaribia, narudi kwenye pasi.

Simu yake ikalia. Ofisini wanamngoja.

— Kasri usisahau! alipiga kelele Basha.

— Ngazi! alisema Maiti.

Wagdi akainuka, akauacha ukurasa mezani chini ya kikombe.

— Wallahi huyu kachanganyikiwa, alisema Daktari. Utawaambia nini sasa?

— Kwamba kuna mtu ana pasi mkononi na barua mfukoni, anaogopa kuifungua, anaogopa kuitupa. Na mjane ameshafika mlangoni, anataka koti lake.

Akavuka uchochoro, akapanda ngazi mbilimbili.

Mama alikaa mahali pake, mkoba magotini.

— Sasa atampa mjane barua? aliuliza.

Benchi zima likatazama dirisha la ghorofani.