Mlinzi Hazibi Njia

Rudishieni hilo dirisha, lakini msilifunge lote, nataka kusikia huko juu. Sogeeni, wanangu. Wewe mkubwa kaa hapa miguuni pangu, na wewe fundi magari toka mlangoni ukae naye, maana tangu asubuhi mnanuniana kama wake wenza na mimi sina pumzi ya kusema jambo mara mbili. Ndege ya jioni imechelewa. Anayeirusha ni mdogo wenu, kitindamimba wangu, na mvua hii mnaiona wenyewe, basi msinidanganye kwamba hamna wasiwasi. Mimi ninao, ndiyo maana nasema sasa.

Nyie mmekua mkiona lami na jengo la vioo. Mimi na baba yenu tulikuta nyasi tupu. Ng'ombe walilala palepale ndege ziliposhukia, na kazi ya baba yenu ilikuwa kupuliza filimbi na kuwafukuza hadi mchangani, ndipo rubani ashuke. Watu wakamwita Bwana Filimbi, hata mshahara akaitiwa kwa jina hilo. Giza likiwahi kuingia tuliwasha makopo ya mafuta ya taa, yeye upande ule, mimi upande huu na mimba yako wewe mkubwa, nikimtukana kwa sauti kwa sababu upepo wa bahari uliyazima kila nilipogeuka. Kisha likaja greda, ikaja lami, ukaja mnara, ukaja uzio, na kila kilipokuja kipya shamba letu lilimegwa, na waliokuja walikuwa na maneno matamu kuliko waliotangulia. Tukabaki na kipande hiki, kati ya mwisho wa lami na bahari. Baba yenu akasema, nikifa nizikeni pale ndege zinapoishia, nizisikie zikishuka. Tukamzika. Wenye uwanja walipokuja tena kutaka kurefusha njia ya ndege nikawaambia wapite juu ya maiti yangu kwanza, na sioni haya kusema hivyo, maana aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Sasa wewe mkubwa, mimi nimelazwa hospitali, ukaleta wapimaji wakapigilia vigingi vyekundu kichwani pa baba yako! Na wewe fundi ukaving'oa, ukamfuata kaka yako na spana mkononi mbele ya watoto wake. Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime. Majirani zetu wamelima hadi wamechoka, nanyi hamjapatana. Nimewachoka na mimi.

Shh! Hiyo hapo. Inashuka... Mama wee, imepaa tena. Hakuiona njia. Msitazamane, nitazameni mimi.

Mnakumbuka masika yaliyopita, ile ndege iliyoishiwa lami ikachomeka pua kwenye shamba letu? Abiria walishuka, mmoja akaegemea kaburi la baba yenu akitapika. Tangu siku hiyo kila breki zikilia namwona mdogo wenu. Nikajiuliza, mume wangu maisha yake yote aliondoa ng'ombe njiani, leo mimi nimemlaza yeye njiani? Mlinzi gani anaziba njia aliyowekwa ailinde? Angekuwa hai angenipulizia filimbi mimi.

Basi kipande kitoeni. Lakini baba yenu ahame kwanza, kabla ya kigingi hata kimoja, na mtakaochimba ni nyinyi wawili, mkubwa kichwani, fundi miguuni, msikodi mtu. Mkamlaze kule kwenye mwinuko nyuma ya mnara, azisikie vizuri, na mimi mnilaze ubavuni pake. Kitakachopatikana mgawane watatu sawasawa. Mdogo wenu akipunjwa kwa kuwa ni wa kike, radhi zangu mzisahau. Filimbi iko hapa chini ya mto, ni yake yeye, msiniombe.

Nyamazeni... Inarudi. Shikaneni mikono. Shikaneni, nimesema! Hivyo. Mungu awape kupendana, wanangu... mlipo pawe na heri, na watoto wenu wawastahi kama... kama mlivyonistahi mimi, pamoja na ukorofi wenu. Inashuka. Bwana Filimbi, mume wangu... watoe ng'ombe, mtoto anakuja.

Imegusa. Breki hizo... zinalia... bado zinalia...

Mbona kimya? Mkubwa, chungulia. Iko wapi? Sema!

Kwenye lami? Hatua chache tu kabla ya shamba letu? Ashukuriwe Mungu... Usilie, fundi, utanipa kazi ya kukubembeleza. Nendeni mkampokee, wote wawili, gari moja. Majembe... yako nyuma ya mlango wa stoo, mvua ikikatika msingoje. Filimbi nimeishika. Aje aichukue mwenyewe mkononi mwangu... mwambieni... asikawie.