Mama Evodia na Salamu za Benchi

Baada ya miaka thelathini na minne ya uuguzi, Mama Evodia Laurenti anastaafu tarehe 30 Juni. Nimeambiwa niandike kwa furaha, na furaha ipo, lakini wacha niseme ukweli: sisi tunaobaki tunaogopa.

Alizaliwa Bungu, akaanzia kazi Kilole, kisha akaletwa huku kwetu Handeni, kwenye kituo chenye chumba kimoja cha daktari na benchi refu nje. Alifunga vidonda huku akiimba nyimbo za kanisani, mpaka mimi Mwislamu nimezijua zote.

Kila asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa, alipita benchi lote akisalimia mmoja mmoja: kwa Kiswahili, Kizigua, Kishambaa, na Kimaasai kidogo alichojifunza hapa hapa. Wageni walidhani ni uchangamfu tu. Kumbe alikuwa anasikiliza. Aliyeitikia kwa nguvu alisubiri. Aliyeshindwa kuitikia aliingia wa kwanza, awe nani.

Mwaka ule wa mvua kubwa alikuja bwana mmoja mzito, na simu ilikuwa imeshapigwa kwamba apitishwe mbele. Mwisho wa benchi alikaa mama mfugaji na mtoto mgongoni. Mama Evodia akasalimia. Mama akaitikia, mtoto hata jicho hakugeuza. Mama Evodia akambeba mtoto, akaingia naye.

"Wewe mama, unanijua mimi?" yule bwana akafoka.

"Nakujua, mwanangu. Na sauti yako ina afya, subiri kidogo."

Benchi lote likacheka. Sisi wenzake tulikuwa tumejificha chumba cha sindano, tukijua kesho atahamishwa. Mungu akamficha, hakuhamishwa. Mtoto yule sasa anachunga mbuzi.

Lakini simu hazijaacha kupigwa. Kuanzia Julai salamu za benchi nimeachiwa mimi, na usingizi umenikimbia. Nikimpita aliyenyamaza? Nikimwogopa anayefoka? Mtoto wa mfugaji hana wa kumpigia simu.

Mama yetu, asante. Umejenga hapa jirani, na umetuonya kwamba siku ukiugua tusikupitishe mbele, ukae benchi kama wote. Tumekubali, kwa shida. Mungu akupe uzee mtulivu, na kila tutakapokuambia shikamoo, akujalie marahaba ya nguvu, ili tukuambie kwa moyo mweupe: subiri kidogo, Mama.

Hajira Athuman, mhudumu wa afya, kwa niaba ya wenzake